Siku Niliyowafukuza Tumbusi Wangu

Nimechuna ng'ombe miaka arobaini na moja na sijawahi kula mzoga. Nalisema mapema kabisa, maana kuna watu wakisikia kazi yangu wanaanza kunitazama meno.

Kazi yenyewe ni hivi. Ng'ombe wa mtu akifa kwa uzee, au akitumbukia korongoni, analetwa kwetu kwenye uwanja ulio nyuma ya machinjio. Mimi namvua ngozi, inakwenda kwa washona viatu. Nyama ni ya tumbusi, wale ndege wakubwa wala mizoga. Mifupa wakishaisafisha inakwenda kusagwa. Kila mtu na fungu lake, hakuna kugombana.

Zamani tumbusi walikuwa wengi mpaka ukuta wa machinjio ukiutazama asubuhi unadhani kuna wazee wamevaa makoti wanasubiri mkutano. Ng'ombe mzima walikuwa wanammaliza kufumba na kufumbua. Haya, si kufumba na kufumbua, tusidanganyane. Muda wa kunywa chai na kubishana kidogo na mke wako. Ukirudi, mifupa mitupu.

Halafu wakaanza kupungua. Tukawa tunawaokota chini ya ukuta, shingo zimelegea, mwilini hawana jeraha wala nini. Wengine wakasema wamerogwa, wengine wakasema njaa. Ndege anakula ng'ombe kila siku, afe njaa? Mwisho wakatoweka. Tukabaki na mbwa, nzi, na harufu. Ile harufu ndiyo iliyomfanya mke wangu anitolee benchi nje, akasema chakula changu nitakuwa naletewa huko huko.

Aliyetufumbua macho ni mjukuu wangu, daktari wa mifugo, mtoto wa binti yangu wa pili. Kushika kisu nilimfundisha mimi, sasa yeye ndiye ananifundisha mimi. Alimpasua tumbusi mmoja wa wale wa mwisho mwisho mbele yangu. Ndani, kwenye figo, kumetapakaa weupe kama chokaa.

"Babu, hii ni ile sindano ya maumivu," akasema. "Diklofenaki. Ng'ombe anachechemea, mnamdunga, anapata nafuu. Sasa akifa siku mbili tatu baadaye, dawa bado imo nyamani. Tumbusi akila, figo zinakwisha."

"Hata akidonoa kidogo tu?"

"Hata kidogo, babu."

Nilikaa chini. Maana hiyo sindano na mimi nilikuwa naisifia kwa watu.

Basi nikaweka sheria uwanjani. Ukileta mzoga nakuuliza: alidungwa nini, lini? Ukisema diklofenaki, shimo. Ukisema hujui, shimo vile vile. Shimo refu kama mtu, na mwenye ng'ombe anachimba mwenyewe. Mjukuu wangu alileta dawa nyingine ya maumivu isiyowadhuru ndege, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya zile chupa za zamani. Jirani yangu muuza maziwa, tunamwita Kidevu, mwenyewe anajua kwa nini, nilimchimbisha kutwa nzima juani. Alininunia miezi miwili. Maziwa alikuwa analeta, lakini anayaweka mlangoni bila hodi.

Miaka tisa nikawa natazama juu. Shingo ikakakamaa mpaka mke wangu akawa ananiuliza kama nimedondosha kitu mbinguni.

Halafu mwaka huu, asubuhi moja nanawa uso, nikawaona wawili wamekaa juu ya tangi la maji la machinjio.

"Mama watoto! Njoo uone!"

"Kuna moto?"

"Kuna wageni!"

Alitoka na mwiko mkononi, akawatazama, akanitazama mimi. "Baba watoto, hukulia namna hiyo siku ya harusi yetu."

"Siku ya harusi sikuwa nimengoja miaka tisa."

Wiki ile ile ng'ombe wetu akafa. Huyu alikuwa dume la mkokoteni, jina lake Afisa, kwa sababu alikuwa anatembea polepole na hapokei amri ya mtu. Alikuwa mzee sana, mguu wa nyuma umevimba, asubuhi moja hakuamka. Niliumia, lakini nikasema, Afisa wewe umebeba mizigo ya mji huu mzima, leo utaaga kwa heshima. Sikumchuna. Nilimpasua tumboni tu, kuwafungulia wageni mlango. Nikaweka kiti changu kando, nikangoja jua lipande, maana tumbusi haruki mpaka hewa ipate moto.

Mara nikawaona juu. Wawili. Watatu. Nikahesabu mpaka saba! Walishuka mmoja mmoja, wanatua kwa kurukaruka kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Mmoja alikuwa na pengo kwenye bawa, unyoya umetoka.

Mke wangu akaja na sinia la chai. Akafika, akaona ng'ombe, akaona ndege, akasimama kama mti.

"Baba watoto, kuna jambo."

"Ngoja kwanza, tazama yule!"

"Nilimdunga."

"Ulimdunga nani?"

"Afisa. Juzi. Ulipokuwa huku kazini. Alikuwa analia, baba watoto, analia kimya kimya kama mtu mzima anayejikaza. Nikatoa ile chupa ya kabatini, nyuma ya sukari."

Jamani. Ile chupa ilikuwa yangu. Mji mzima ulitoa chupa zake, mimi mwenye sheria, yangu imekaa nyuma ya sukari miaka tisa. Na kila mwenye mzoga nilimuuliza alidungwa nini, isipokuwa siku ile, maana ng'ombe ni wangu. Nani angeniuliza mimi?

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kiti kimeanguka na mimi nakimbia, mzee wa umri huu, kofia mkononi napunga. "Tokeni! Tokeni, wanangu!" Mke wangu nyuma anapiga sinia kwa kijiko, chai yote imemwagika. Wale ndege wanasogea hatua mbili, wanarudi. Yule mwenye pengo alishaingiza kichwa ndani.

Kidevu akatokea na baiskeli yake na madebe ya maziwa. Akasimama, akashika kiuno.

"Mzee, miaka tisa unawaombea waje, leo wamekuja unawafukuza?"

"Piga madebe! Utaniuliza baadaye!"

Akapiga. Huyo mtu ana mikono ya kupiga madebe. Tumbusi wakapaa wote saba, wakarudi kwenye tangi, wakatutazama kama watu waliofukuzwa karamuni.

Kidevu akapumua. Akamwangalia Afisa, akaniangalia mimi, nikaona tabasamu linaanza kwenye kile kidevu na kupanda. Akaiga sauti yangu kabisa.

"Alidungwa nini, lini?"

"Diklofenaki," nikasema. "Juzi."

"Shimo. Refu kama mtu. Mwenye ng'ombe anachimba mwenyewe." Akacheka mpaka akashika mti. "Mkuki kwa nguruwe, mzee wangu!"

Nilichukua jembe. Nilichimba mpaka magotini, mgongo ukagoma. Kidevu akavua shati, akaingia shimoni. "Toka, mzee. Sitaki tuzike wawili." Tukamfukia Afisa jua likiwa bado liko juu.

Mjukuu wangu alipofika aliichukua ile chupa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Kunigombeza hakunigombeza. Nikamuuliza, "Yule mwenye pengo, alikula?"

"Hatujui, babu. Kama alikula, siku chache shingo italegea. Tutamwona."

Basi zile siku sikula vizuri. Kila asubuhi natoka nahesabu tangini. Siku ya kwanza saba. Siku ya pili sita, mwenye pengo hayupo. Siku ya tatu sita. Nilizunguka ukuta mzima natazama chini. Sikuokota kitu. Mke wangu naye alikuwa anazunguka upande wa pili, akidhani simwoni.

Siku ya tano Kidevu akaja anakokota ng'ombe wake kwenye mkokoteni. Ng'ombe alitumbukia korongoni, shingo ikavunjika.

"Hajadungwa kitu tangu azaliwe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Uliza daktari wako."

Mjukuu akathibitisha. Nikamchuna haraka, nikasogea kando. Jua likapanda. Wakashuka sita. Halafu, wa mwisho kabisa, akichelewa kama bibi harusi, akatua mmoja mwenye pengo bawani, shingo imesimama wima. Akamsukuma mwenzake, akala.

Mimi na Kidevu tulikumbatiana, yeye na harufu ya maziwa, mimi na harufu yangu.

Mchana nikakaa kwenye benchi langu nje, nikingoja sahani. Mke wangu akatoka na sahani mbili. Akanusa hewa, akanusa tena.

"Sogea," akasema, akakaa.