Waya za Ejore Hazijaiva

Harufu ilimpokea Akai getini. Alikuwa anatoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kumhakikishia Clotilde, mama Mkongomani anayemwoza binti yake Annick, kwamba samaki wa harusi wapo, wamejaa friza nyumbani Lodwar. Clotilde alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Muuzaji mwingine alishawahi kumletea samaki waliooza, kwenye msiba tena, na kambi nzima haijasahau aibu ile.

"Nabakia na wewe tu, Mama Akuwam," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe.

Ndani ya nyumba muziki ulikuwa unanguruma. Mumewe Ejore, bwana mkubwa wa ofisini, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, macho kayafumba, mbele ya spika mbili ndefu kama milango. Nyuma ya spika zilipita waya zake mpya za Nairobi, nene, zimevishwa soksi za zambarau. Waya kuvaa soksi, jamani! Na eti bado hazijaiva. Waya mpya, kwa maelezo yake, zina sauti ngumu. Lazima zipitishiwe muziki wiki nzima bila kupumzika mpaka zilainike.

Akai akafungua friza. Mungu wangu! Maji ya kijivu yakamchuruzikia miguuni. Wale samaki aliowachagua mwenyewe ziwani Kalokol, mmoja mmoja, walikuwa wamevimba na kupasuka matumbo, ngozi inabanduka, utelezi umewaganda machoni. Akaziba pua, akakimbilia uani, akatapika mpaka machozi yakamtoka.

Aliporudi aliuliza, "Nani amezima friza?"

"Mimi," Ejore akajibu, macho bado kayafumba. "Betri za sola hazibebi vyote viwili. Halafu mota ya friza inachafua umeme, waya zinajifunza vibaya. Hata ngamia mchanga, ukishaanza kumfunza mzigo, humkatizi njiani. Na ufunge huo mlango, mama. Harufu inaniharibia muziki."

Akai akamtazama vidole vya miguu, vinavyocheza kufuata ngoma. Ptuu! Mtoto wa wafugaji huyu, kalelewa kwa maziwa ya ngamia, leo anafunza waya huku chakula cha watu kinaoza jikoni kwake. Kinyaa kilimpanda upya, na safari hii hakikuwa cha samaki.

Simu ikaita. Alikuwa Clotilde.

"Mama Akuwam, samaki iko? Wageni ya Annick wameanza kufika."

"Chakula kipo," Akai akasema. Neno samaki lilikataa kumtoka.

Asubuhi Ejore alipoingia bafuni, Akai alizima muziki, akachomoa zile waya za soksi na kuchomeka waya mwembamba wa taa, ule wa dukani, mwekundu na mweusi. Akawasha tena. Mwenyewe alikuwa anaimba kwa sauti huko kwenye maji, hakusikia kitu.

Kisha akaenda zizini. Mbuzi wa Ejore walikuwa wawili, wanono, wale anaowasifia kila mgeni akija. Akai alijua vizuri kwamba kwa Waturkana mke haondoi mnyama wa mume bila mume mwenyewe kutamka. Basi akawafunga shingo, akawaleta mpaka dirishani, na kungoja. Ejore alikuwa amesharudi kochini, taulo kiunoni, macho kayafumba.

"Baba Akuwam! Nawapeleka mbuzi wako Kakuma, wakaliwe harusini. Umekubali?"

"Nimekubali, nimekubali, nyamaza kwanza!" Ejore akapunga mkono hewani, uso umemng'aa. "Ebu sikiliza hiyo sauti. Unasikia ilivyolainika? Nilikwambia mimi! Waya zimeiva leo!"

"Nasikia, baba," Akai akasema.

Akawavuta mbuzi kuelekea getini. Mmoja alikuwa ameshaanza kutafuna soksi ya zambarau ya waya aliofungwa nao shingoni.