Picha ya Kiuno cha Boke

Naitwa Happyness, kwa herufi y. Karani wa parokia alikosea siku ya ubatizo, na tangu hapo kila cheti changu kinabeba kosa lake. Nafundisha Kiswahili darasa la sita hapa Musoma, na nimesahihisha makosa ya watoto wa watu kwa kalamu nyekundu miaka kumi na moja. Ila kosa ninalotaka kulieleza ni langu mwenyewe, na ni la neno moja tu: kiuno.

Mdogo wangu Boke ameolewa kijijini Buswahili, kwa mzee Mugeta. Mumewe, Ephraim, yuko machimboni Geita, hurudi Krismasi kwa Krismasi. Kila mwezi Boke hulala chini siku tatu, amejikunja, anatapika, hawezi kushika jembe wala ndoo. Mwanzoni wakwe walimwonea huruma. Huu ni mwaka wa nne, mtoto hajapatikana, na huruma imekwisha. Mama mkwe alishaanza kusema kuna wanawake wanaugua ugonjwa wa kuogopa palizi. Maneno yakanifikia mpaka hapa mjini, Kitaji ninakokaa: Ephraim akirudi, kikao kitakaa. Boke akionekana mgonjwa, atatibiwa. Akionekana mzima, atarudishwa kwetu kwa uvivu.

Nilipandwa na hasira, nikasema twende hospitali tukapate ukweli kwa karatasi. Mzee Mugeta, nisimsingizie, hakubisha. Aliuza dume lake la kulimia, akavaa koti lake la kanisani, akaja mwenyewe. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mke wa mtoto hataji mambo ya mwilini mwake mbele ya baba mkwe. Boke humsalimia mzee amepiga goti, macho chini, na chakula humwekea mezani akaondoka. Sasa mzee huyo huyo aliingia mpaka chumba cha daktari, akakaa kwenye benchi katikati yetu.

Daktari alikuwa kijana, na foleni nje ilikuwa ndefu.

"Shida nini, mama?"

Boke akaangalia katambuga miguuni mwa mkwe wake. "Kiuno."

"Kiuno tu?"

Akanigeukia. Nilijua anachoniomba. Mwanamke akisema kiuno, wanawake wenzake tunaelewa anachomaanisha. Ni neno tunalojisitiri nalo. Nikajibu kwa sauti yangu ya darasani, "Ndiyo, daktari. Kiuno. Huwa kinamuumaga sana mpaka analala chini."

Daktari akaandika. Hakuuliza kinauma siku zipi. Alitupa vidonge, havikusaidia kitu. Tukarudi, mzee yuko katikati, tukasema kiuno. Safari ya tatu akatuandikia kipimo kikubwa, MRI, tukakifuate Mwanza.

Kule walimvua hereni na pini zote, wakamlaza kwenye kitanda kinachoingia ndani ya tundu. Aliniambia ilikuwa kama kulala ndani ya mashine ya kusaga. Kabla ya kumwingiza, kijana wa mashine aliuliza, "Ni mgongo, siyo?" Mzee alikuwa bado amesimama mlangoni. Boke akaitikia.

Majibu yalikuwa kurasa mbili za Kiingereza. Katika ukoo mzima msomi ni mimi, kwa hiyo nikapewa nisome. Nikarukia mwisho, vilevile kama wanafunzi wangu kwenye ufahamu, tabia ninayowachapia. Nikaona neno normal. Nikafurahi! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi. Nikampigia simu mama mkwe wake Buswahili nikiwa pale pale getini, nikapaza sauti, "Mama, kipimo kimesema hamna kitu!" Nilidhani nawaondolea hofu ya kansa.

Tangu siku hiyo Boke akilala chini, mama mkwe humwambia neno moja tu: "Mashine imeshasema." Mzee akaitunza bahasha ya picha juu ya kabati, na mgeni akija anaonyeshwa. Boke akaanza kwenda shamba katika siku zake hizo. Alianguka mara mbili kwenye matuta ya pamba, na mara zote mbili alinyanyuka mwenyewe.

Novemba nikasikia madaktari bingwa watakuwa Bunda siku moja. Nikamfuata Boke. Mzee naye akaja, bahasha kwapani. Njia nzima nilijiapiza kwamba safari hii nitasema, hata dunia ipasuke.

Sikuhitaji kupasua dunia. Daktari Yunis, mama wa makamo, alitutazama watatu tulivyokaa, akasema, "Mzee wangu, tusaidie, tusubiri hapo nje kidogo." Mzee akainuka, akatoka na bahasha yake. Rahisi namna hiyo! Miezi minane, na hakuna aliyewahi kumwomba.

"Haya," akamwambia Boke, "inaumaga siku gani?"

Boke akalia kwanza. Kisha akasema yote: hedhi, tumbo la chini, maumivu ya haja kubwa siku hizo, maumivu ya chumbani na mumewe ambayo hata mimi sikuyajua. Daktari alisikiliza hadi mwisho, ndipo akaomba karatasi za Mwanza, alizokuwa nazo Boke kwenye pochi.

"Nani aliwasomea hii?"

"Mimi," nikasema. "Mimi ni mwalimu."

Akaniwekea kidole juu kabisa, kwenye kichwa cha habari. Lumbar Spine. Uti wa mgongo, sehemu ya chini.

"Hii ni picha ya mgongo," akasema. "Mgongo wake ni mzima kweli, picha haijadanganya. Ila mtu akipiga picha ya pasipoti, utasema hana miguu?"

Akatueleza kwamba anahisi ni endometriosis: nyama inayofanana na utando wa ndani wa kizazi inaota nje ya kizazi, na kila mwezi inavimba na kuvuja, damu haina pa kutokea. Akasema ilitakiwa MRI ya nyonga, ile inayofunika kizazi, mifuko ya mayai, kibofu na utumbo wa chini.

"Ikipigwa hiyo itaonekana?" Boke akauliza. Sijawahi kumwona amekaza macho vile.

Daktari hakumdanganya, ingawa mimi ningependa amdanganye. "Uvimbe wa damu kwenye mfuko wa mayai, au vinundu vilivyozama, itaonyesha. Vile vidogo vya juu juu mara nyingi haivioni. Kwa hiyo hata ikisema hamna kitu, usikubali mtu akuambie huumwi. Wakati mwingine mpaka tuchungulie kwa kamera, kwa tundu dogo tumboni." Akaandika rufaa ya Mwanza, na dawa za kutuliza wakati tunasubiri. "Nimwite mzee nimweleze?"

Foleni nje ilikuwa imefika getini. Nami nilikuwa bado na aibu ya ile karatasi, nikataka kuirudisha heshima yangu. "Usijali, daktari. Nitamweleza mwenyewe."

Tukatoka. Mzee Mugeta alikuwa amesimama juani, ameinua ile picha kwa mikono miwili, anamwonyesha mzee mwenzake. "Mkwe wangu huyu. Hebu ona mifupa ya mtoto wa watu. Haina hata doa." Alisema kwa fahari, na sikuweza hata kumchukia. Dume lake lote lilikuwa mle kwenye ile karatasi nyeusi.

"Baba," nikasema, "daktari amesema twende Mwanza tena. Picha ilipigwa sehemu siyo."

Akashusha mikono, akaipokea barua ya rufaa niliyompa. "Sehemu siyo? Sasa ugonjwa uko wapi, mwalimu?"

Mzee yule mwingine akanitazama. Wanaume wengine wawili kwenye benchi wakanitazama. Boke alikuwa nyuma yangu, ameshika kanga yangu kwa ncha kama alivyonishikaga tukiwa wadogo. Kiswahili nakifundisha. Nilikuwa na kizazi, nilikuwa na hedhi, nilikuwa na nyonga, nilikuwa na tumbo la chini, maneno yote safi, yamo kwenye kitabu cha Sayansi. Nikamwangalia mzee, na koti lake la kanisani, na zile katambuga.

"Kiunoni, baba," nikasema.

Akaninyooshea picha mbele ya macho, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Kiuno si ndiyo hii, mwalimu? Wewe mwenyewe ndiye ulitusomea."

Nilihisi ncha ya kanga inaachiwa. Mzee akairudisha picha kwenye bahasha, akaikunja ile barua ya rufaa mara nne, akaitia humo humo. Nilipogeuka, Boke alikuwa ameshatangulia kwenda stendi.