Mstari Begani kwa Mama Dorkasi

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Deogratius aliingia chumba cha kompyuta na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akamwambia Obadia kwamba watu wanalalamika. Hawakuwa wanalalamika kwamba mafaili yao hayapatikani, hilo walishalizoea. Walikuwa wanalalamika kwamba kompyuta inakufa mbele ya macho yao.

"Wanaona dirisha jeusi limenyamaza, wanadhani ndiyo basi tena," alisema. "Weka kitu kinachozunguka, mtu aone kazi inaendelea."

Ofisi ilikuwa Korogwe na kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za mashamba ya vijijini. Jina lake tuliache. Deogratius ndiye aliyekuwa bosi. Obadia, mzaliwa wa Mombo, mwenye umri wa miaka thelathini na minne na mgongo wa mtu wa sitini, ndiye aliyeandika programu ya kutafutia mafaili. Haikuwa na picha wala rangi. Karani aliandika namba ya shamba kwa herufi nyeupe, akabonyeza enta, na programu ikaiuliza seva iliyoko Handeni. Shida ni kwamba seva hiyo ilichomolewa kwenye umeme siku ofisi ya Handeni ilipohama jengo, ikatiwa kwenye boksi, boksi likapelekwa stoo. Kulifungua kulihitaji kibali, kibali kilihitaji saini, na mwenye saini alikuwa amehamishwa. Huo ulikuwa mwaka wa pili. Programu iliuliza, haikujibiwa, ikaendelea kusubiri, kwa sababu Obadia hakuwa ameiandikia muda wa kukata tamaa.

"Bosi, hata kikizunguka, nyuma yake hakuna kitu."

"Kwani mimi nimesema kuna kitu?" Deogratius alipuliza chai yake. "Nimesema kizunguke."

Kitu cha namna hiyo huandikwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, kila kazi inaposogea hatua moja, nacho husogea hatua moja. Obadia alianza na hiyo, kwa kuwa alilelewa vizuri. Alingoja dakika arobaini na kitu hakikusogea hata kidogo, maana hakukuwa na kazi ya kukisogeza. Akageukia njia ya pili, ambamo kitu huenda kwa saa, mara kumi kila sekunde, kazi iwepo isiwepo. Akatengeneza mstari mmoja mweupe: unasimama, unainama, unalala chini, unainuka upande wa pili, unasimama tena. Ilimchukua nusu saa. Baada ya hapo alikula chapati yake, iliyokuwa imepoa.

Mtu wa kwanza kuuona alikuwa Mama Dorkasi wa Misima, mjane, aliyefuata hati ya shamba lake la ekari tatu. Jirani yake Kaleb, mwenye trekta, alikuwa amesimika mawe ya mpaka katikati ya mihogo ya mama huyo na kusema ardhi yote ni yake, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Baraza la kata lilikuwa limepanga kusikiliza shauri siku ya Alhamisi, na lilitaka kuona hati. Karani aliandika namba yake. Mama Dorkasi akasogeza uso karibu na kioo, akaangalia mstari ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka.

"Kumbe humo kuna mtu analima," alisema. Kisha, kwa adabu, akauambia: "Pole na kazi, baba."

Huku kwetu mtu aliyeshika jembe haulizwi anamaliza saa ngapi. Unampa pole, unakaa pembeni, na kama una haraka, hiyo ni shida yako. Benchi zima likauangalia mstari, likaelewa. Waliokuwa wanagonga dirisha la karani waliacha kugonga. Mzee mmoja aliyetoka Hale alivua hata kofia. Deogratius alipita na kikombe chake, akaona utulivu ule, akarudi ofisini ameridhika.

Saa tisa umeme ulikatika. Kioo kikawa cheusi, mstari ukaendelea. Mama Dorkasi aliposimama ili awahi basi la Handeni, mstari ulitoka kwenye kioo, ukavuka meza, ukamtua begani, bega la kushoto, mrefu kama shubiri moja, ukipanda na kushuka. Karani aliangalia kwenye daftari lake akamwambia ni wa kwake, umetoka kwa namba yake.

"Unakula chochote?"

"Hapana, mama."

Akauteremsha mtandio kidogo usije ukauziba, akaondoka.

Kufikia Ijumaa ya wiki ile watu arobaini na zaidi walikuwa wanatembea na mistari yao begani, Korogwe hadi Handeni. Makondakta waliwakalisha viti vya nyuma, maana weupe ule ulimsumbua dereva kwenye kioo. Mafundi cherehani walianza kuuliza, kabla ya kupima, bega lipi. Kuku waliidonoa siku mbili tatu, wakachoka.

Alhamisi yenyewe, Mzee Matayo, mwenyekiti wa baraza, alimwuliza Mama Dorkasi hati iko wapi.

"Inatafutwa, mzee," alijibu, akageuza bega.

Mzee Matayo alivaa miwani. Aliuangalia mstari kwa muda mrefu, akashusha pumzi. "Jambo linalofanyiwa kazi haliamuliwi," alisema. "Shauri litangoja mpaka huyu amalize." Kaleb hakupinga. Asubuhi iliyofuata aliingiza trekta shambani, akang'oa mihogo. Alipoulizwa, alisema baraza limekataa kuamua, halikukataza kulima. Lilikuwa neno la kweli.

Obadia aliyasikia hayo kwa karani, akaona aibu. Jumamosi alitia kompyuta yake kwenye begi, akapanda basi, akashuka Misima. Alimkuta Mama Dorkasi barazani anamenya mbaazi. Trekta lilisikika nyuma ya nyumba, likienda na kurudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Habari za Korogwe?"

"Nzuri, mama." Alikaa kwenye kigoda, akaanza kabla moyo haujamgeuka. "Mama, huo mstari niliuandika mimi. Humo hakuna anayelima. Hakuna anayetafuta hati yako. Unakwenda kwa saa tu."

Mama Dorkasi alimaliza ganda aliloshika. "Najua."

"Unajua?"

"Nimelima miaka arobaini. Anayelima hupumzika. Hufuta jasho, hutema mate, huangalia jua limefika wapi. Huyu wako hajapumzika hata mara moja. Siku ya pili tu nilijua humo hamna mtu."

Obadia alifungua begi. "Naweza kuuzima. Ni amri moja."

"Halafu? Mzee Matayo ataniuliza hati iko wapi. Nitageuza bega gani?" Alichukua ganda lingine. "Kaleb ana karatasi, sijui kaitoa wapi, lakini anayo. Ukiuzima, atapewa shamba, atapewa na nyumba hii, na pale alipolala baba watoto. Ukiuacha, analima, lakini hajapewa. Uache uzunguke, baba. Umenichosha, lakini uache."

Alitaka kumwomba radhi, akaona radhi yenyewe ingekuwa mzigo mwingine wa kumbebesha. Akafunga begi. Alipoaga alipewa mbaazi kwenye mfuko wa rambo, na alizipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu alikwenda Handeni, moja kwa moja hadi stoo. Boksi lilikuwepo, aliliona kwa macho yake, limeandikwa jina la kata kwa kalamu nyekundu. Mtunza stoo, mtu mpole, alimwambia bila kibali hata vumbi lake haliruhusiwi kufutwa. Obadia akajaza fomu ya kuomba kibali. Alipoisaini tu, mstari ukainuka kwenye karatasi ukamkaa begani. Tangu siku hiyo akajifunza kulalia upande wa kulia.

Mwaka uliofuata Deogratius alisema watu wameuchoka mstari, wanataka kujua wamefika wapi. Akaagiza namba za asilimia. Obadia aliziandika kwa siku moja: zinapanda haraka mwanzoni, zinapunguza mwendo kwenye themanini, zinafika tisini na tisa, zinakaa hapo. Hakuuliza kitu. Mabegani mwa watu mistari iligeuka namba, na kwa miezi michache kulikuwa na furaha ya kweli katika vijiji vile. Watu walipongezana njiani kwa kufika sabini. Mzee Matayo aliiona tisini na tisa ya Mama Dorkasi, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema sasa itakuwa ujinga kuamua, wakati tumekaribia hivi.

Mkonge hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Mkonge alioupanda Kaleb pale palipokuwa na mihogo ulipofikia umri huo, Obadia alikuwa ndani ya basi, anakwenda Handeni kuulizia kibali kwa mara ya kumi na moja. Basi lilisimama Misima kushusha mizigo. Kutoka dirishani aliwaona vibarua wakifunga majani ya mkonge, na miongoni mwao alikuwa Mama Dorkasi, amefunga kanga kiunoni, viganja vimechanika. Shamba lilikuwa limekwishaliwa, na mtu lazima ale. Alishuka, akavuka mtaro hadi ukingoni mwa shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinyoosha mgongo, akapapasa bega. "Bado moja, eti?"

Obadia aliiangalia ile tisini na tisa. Ilikuwa safi, haina hata vumbi.

"Bado moja, mama."

Aliitikia kwa kichwa, akainama. Kaleb, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha trekta, alimwambia akaze kamba, naye akaikaza.