Yupo, Hayupo

Kabla skripti yake haijamletea makubwa, Fundi Waya alikuwa mtu wa ngazi. Idara ya Maji ilikuwa na jengo refu lenye lifti moja, nayo lifti ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Kila asubuhi simu ya mezani kwake ililia kama mtoto aliyeachwa na mama: "Fundi, mtandao umekufa huku juu!" Basi hubeba koleo, akajitundika waya shingoni, akapanda huku pumzi zikimwishia, akainama chini ya meza, akakuta kompyuta haijawashwa. Akishaiwasha, mwenye meza humwambia, "Ahsante, lakini siku nyingine uwahi." Hajafika chini, simu inalia tena.

Siku magoti yalipomgomea, aliketi akaandika skripti. Ni amri chache tu zilizopangwa kwenye faili, mstari chini ya mstari, ambazo kompyuta huzifuata bila kuuliza maswali. Skripti ilipita kwenye anwani ya kila mashine jengoni, ikabisha hodi, ikangoja kidogo. Mashine iliyoitikia iliandikwa kwa kijani. Iliyonyamaza iliandikwa kwa nyekundu. Ni hayo tu. Haikujua zaidi, wala haikudai kujua zaidi. Fundi akawa anajua mashine ipi imezimwa bila kunyanyua mguu, na simu ikilia hujibu akiwa amekaa: "Bonyeza kitufe, mama. Hicho kikubwa. Haya, umeona?"

Kosa lake lilikuwa la ngeli. Kwa kuwa namba za anwani zilimchosha, alizipa mashine majina ya wenye meza: mhasibu, karani wa ankara, mabomba, masijala. Na pale ambapo mtu makini angeandika "ipo" na "haipo", yeye, kwa kujifurahisha tu, aliandika "yupo" na "hayupo". Mwalimu wake wa Kiswahili angemvuta sikio.

Mkurugenzi hakuwa na desturi ya kuingia chumba cha fundi. Siku hiyo lifti ilikuwa imekwama, naye alikuwa na mwili usiopatana na ngazi, akaingia kutafuta kiti. Macho yake yakatua kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii nini?"

"Skripti, mheshimiwa. Inabisha hodi kwenye kila—"

"Mhasibu hayupo?"

"Kompyuta yake, mheshimiwa. Pengine haja—"

"Jua limepanda namna hii, hayupo! Na mabomba hawapo! Na masijala!" Mkurugenzi alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Kwa hiyo wewe umekaa hapa, hujainuka, na unajua nani kaja kazini na nani hakuja?"

Fundi alifungua kinywa amweleze tofauti ya mtu na mashine. Lakini mkono wa Mkurugenzi ulikuwa tayari begani kwake, mkono mzito, wenye pete, ambao tangu aajiriwe haukuwahi hata kumpungia. "Kijana, wewe ni hazina. Walikuficha wapi?" Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Siku ile yalimrudisha fundi pangoni na ukweli wake.

Wiki haikuisha, kioo kipana kikatundikwa ukutani pale mapokezi, na waraka ukasambazwa: mtumishi asiye hewani atahesabiwa hayupo kazini.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika kwa bidii. Karani wa ankara aliwasha kompyuta yake akaenda zake kufungua duka la viatu, akawa kijani mchana na usiku, akasifiwa kwa moyo wa kujitolea. Mhasibu, aliyekuwa mtu wa chai na soga, aliendelea na chai na soga mbele ya mashine iliyowaka, akaitwa mfano wa kuigwa. Watu wa mabomba ndio walioumia. Kazi yao ni mitaroni, na kompyuta yao ilikuwa moja kuukuu iliyosinzia isipoguswa. Walipopata onyo la kwanza waliacha mitaro, wakajipanga kuizunguka, wamevaa mabuti, wakipokezana kusogeza kipanya.

"Ikilala hii," msimamizi wao aliwaonya, "tutaamka hatuna kazi."

Katika mkutano wa wafanyakazi wote Mkurugenzi alisimama na karatasi mkononi. "Kuna mmoja wenu," alisema, sauti ikitetemeka kwa hisia, "hajawahi kukosekana. Usiku yupo. Sikukuu yupo. Nasoma hapa, Bi Mkubwa. Hebu asimame tumwone."

Bi Mkubwa ilikuwa mashine ya kuchapisha, kubwa kama jokofu, iliyokaa kwenye korido na kula karatasi za watu. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mmoja. Nyuma kabisa mtu akapiga makofi, wa pembeni akafuata, na mara ukumbi mzima ukarindima.

"Na unyenyekevu juu yake," Mkurugenzi alisema akijifuta jicho. "Hataki hata kujionyesha!"

Fundi alicheka pamoja na wenzake. Kicheko kilimkauka siku ya pili, mlango wake uliposukumwa na shangazi yake.

Shangazi huyu, dada wa baba yake, ndiye mkuu wa masijala. Ndiye aliyepeleka barua yake ya kuomba kazi katika jengo lile, akaifuatilia ofisi kwa ofisi mpaka ikapata mhuri. Sasa ameshika bahasha kwa ncha za vidole, kama anayeshika panya kwa mkia.

"Shangazi, shikamoo."

"Usiniamkie. Unamwamkiaje mtu ambaye hayupo?"

"Shangazi, si wewe. Ni kompyuta yako tu ndiyo—"

"Kompyuta yangu uliing'oa waya mwenyewe. 'Shangazi, naazima mara moja.' Mara moja yako haijaisha mpaka leo! Mimi nimeanza kufungua masijala ile hujaota meno. Leo naandikiwa utoro, na anayenitia utoroni ni mtoto wa kaka yangu?"

Aliweka bahasha mezani akatoka bila kuaga. Jioni mama mzazi akapiga simu, na hata salamu hakutoa. "Umemfanya nini wifi yangu?"

Fundi alikwenda stoo kuomba waya mpya. Stoo walimwambia waya upo, ila hautoki bila saini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi ana shughuli. Shughuli yenyewe ilikuwa kukaa mapokezi na kutazama ukuta. Basi fundi akarudi kwenye skripti, akaongeza mstari mmoja mfupi: masijala ikiitikia au isiitikie, andika yupo. Masijala ikawa kijani ukutani. Mama yake akanyamaza. Shangazi akaitikia salamu.

Shangazi hakumwambia mtu, ila jirani yake wa meza. Jirani naye hakumwambia mtu, ila dada mmoja wa mapokezi, msiri sana. Kesho yake fundi alikuta foleni mlangoni. Watu waliokuwa wakimwita "wewe wa waya" sasa walimwita mdogo wangu, mwanangu, mkwe. Mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine ana shamba, wa tatu hana kitu ila amechoka. Fundi hakujua kusema hapana. Na kusema kweli, alianza kupenda kule kuamkiwa na watu wazima. Mstari ukazaa mstari. Ofisi zikawa tupu, ukuta ukawa kijani kama shamba la mpunga.

Watu wa mabomba pekee hawakupanga foleni. Msimamizi wao alikuja kwa jambo jingine. "Fundi, bomba kuu la hapo nje linalia. Lina ufa. Mwambie bosi wako aturuhusu tutoke tukalizibe."

Fundi alimfikishia Mkurugenzi. "Waniandikie ripoti kwa kompyuta," Mkurugenzi alisema. "Halafu wasikilize: bodi inakuja kesho kukagua mfumo wangu. Sitaki kuona mfanyakazi mwekundu hata mmoja."

Fundi alirudi akaongeza mistari kwa wote waliobaki. Ulibaki mmoja tu, ule wa juu kabisa. Mkurugenzi mwenyewe. Kompyuta ya Mkurugenzi haikuwahi kuitikia hodi hata siku moja, na jina lake lilikuwa jekundu tangu kioo kitundikwe. Kila mtu alikuwa ameona, lakini nani wa kumfunga paka kengele? Mwenyewe hakuwahi kulisoma, maana haikumpitia akilini kwamba swali lile linamhusu. Fundi alikwenda hadi mlangoni kwake kuuliza, akasikia anaimba peke yake ndani, akarudi bila kubisha.

Bodi ilifika ikiongozwa na mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo na maneno machache. Mkurugenzi aliwasimamisha mbele ya ukuta. "Waheshimiwa, hapa hakuna utoro. Utoro tumeuzika."

Ndipo bomba kuu la nje likapasuka. Kilisikika kishindo, kisha maji yakaingia chini ya mlango kama mgeni asiyebisha. Mtu akakimbilia swichi kuu akakata umeme wa jengo zima. Feni zikasimama, taa zikafa, na huko juu mashine zote zikazima pamoja. Watu wachache waliokuwamo walishuka ngazi viatu mkononi, wakatokomea. Watu wa mabomba ndio walioshuka kwa furaha. Kompyuta yao imekufa, na aliyekufa hasogezewi kipanya. Walipita mbele ya bodi mbio, sepetu begani, msimamizi wao akipiga kelele, "Valvu! Tuanze na valvu!"

Jengo likabaki tupu na giza. Kompyuta ndogo ya fundi na kioo cha ukutani vilikuwa na betri ya akiba, na katika giza lile ukuta uling'aa: yupo, yupo, yupo, yupo.

Maji yalifika vifundoni. Fundi alisubiri mtu aseme jambo. Mwenyekiti alinyanyua miwani, akasoma kuanzia chini kwenda juu, kidole kikipanda taratibu, mpaka kikakwama.

"Huyu mbona hayupo?"

"Nani, mheshimiwa?"

"Mkurugenzi."

Mkurugenzi alicheka, akaacha kucheka. "Mimi nipo! Nipo hapa mbele yako, umenipa mkono sasa hivi!"

"Nakuuliza kilichoandikwa." Mwenyekiti alimgeukia fundi. "Tangu lini hayupo?"

Fundi alipiga hatua mbele majini. Hakuwahi kumpenda Mkurugenzi, lakini kumwona vile, suruali imekunjwa mpaka magotini, akitafuta macho ya mtu wa kumshuhudia kwamba amesimama pale, kulimwingia moyoni. "Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "tazama, umeme umekatwa. Hakuna kompyuta hata moja inayowaka juu. Huo ukuta unasema uongo. Nimeuandika mimi, kwa mikono yangu, useme uongo. Mkurugenzi peke yake ndiye sikumgusa."

Wanabodi walitazamana. Kisha mwenyekiti akamtabasamia kwa upole, kama bibi anayemtabasamia mjukuu.

"Una adabu, kijana. Unamkinga mkubwa wako. Ila sisi hatusikilizi maneno ya watu, ndiyo maana tumeleta mitambo. Mtu ataficha ndugu, ataficha rafiki. Mashine haina shangazi."

Mkurugenzi akapewa likizo isiyo na mwisho, kwa utoro. Fundi ndiye aliyemsaidia kubeba vitu vyake, na alipoingia ofisini mwake alikuta kompyuta ingali imevaa mfuko wake wa plastiki, kama ilivyotoka dukani. Mkurugenzi aliipapasa kichwani.

"Nilikuwa nangoja mtu anionyeshe," alisema kwa sauti ndogo. "Baadaye nikaona haya kuuliza."

Fundi alichukua lile boksi zito zaidi, wakashuka ngazi pamoja, wakipumzika kila ghorofa.

Mhasibu akafanywa kaimu mkurugenzi, maana rekodi yake ilikuwa kijani tupu. Siku alipokalia kiti, fundi aliifungua skripti na kufuta mistari yote ya huruma, mmoja mmoja, hata wa masijala. Asubuhi iliyofuata ukuta ulikuwa mwekundu toka juu hadi chini, kwani tangu umeme urudi hakuna aliyewasha mashine yake, na kaimu akamwita kwa ukali.

"Mfumo umeharibika! Urudishe ulivyokuwa."

"Nimesahau nilivyouandika," fundi alisema.

"Umesahau? Mtu anasahau kazi yake?"

"Ndiyo, bosi. Imenitoka."

Aliambiwa atoke, arudi kwenye waya zake, na kwamba mfumo utatafutiwa mtaalamu wa kweli. Akarudi chumbani kwake. Mitaani maji yalikuwa yamesharudi, watu wa mabomba wakafukia mtaro, na msimamizi wao akaja kumwomba waya wa kufungia mpini wa sepetu. Fundi alimkatia mrefu. Kisha simu ya mezani ikalia, sauti ya huko juu ikisema mtandao umekufa, naye akachukua koleo lake akaanza kupanda.