Mashine Moja, Mrija Mmoja

Kosa langu lilianzia kwenye picha. Sisi wafanyabiashara tunaofuata bidhaa Guangzhou, China, hatununui kitu bila kukipiga picha na kukirusha kwenye kundi la WhatsApp la nyumbani; ndivyo tunavyopata wateja. Basi hata mashine ya oksijeni niliyomnunulia mama yangu, mgonjwa wa mapafu, niliirusha. Chini nikaandika: “Kissa hashindwi.” Kiherehere changu hicho. Kijijini kwetu Ileje zahanati haina oksijeni, na hospitali ni mwendo wa saa nne kwa gari, na hapo ni kiangazi.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa tena Guangzhou, mtaa wa maduka wa Guangyuan Xilu, nikimkomalia muuza suti za watoto. “Laoban, bosi, punguza!” Yeye ni kutikisa kichwa tu: “Mei you, mei you,” hakuna, hakuna. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu Shedrack, anayemuuguza mama.

“Dada, Medard yuko mlangoni. Mkewe kajifungua alfajiri, mtoto hapumui vizuri. Muuguzi anasema bila oksijeni hafiki mchana. Anaomba mashine mpaka gari lipatikane.”

“Na mama akikaa bila mashine?”

“Jana umeme ulikatika dakika kumi tu, nusura tumpoteze.”

Medard mashamba yetu yamepakana. Mwaka jana, mvua ikinyesha, ndiye aliyembeba mama mgongoni hadi zahanati. Nilimsikia nyuma ya Shedrack akisema kwa upole, “Dada Kissa, nusu saa tu.”

“Usimpe,” nikasema. “Funga mlango.”

Ningefanyaje? Ni mama yangu. Lakini nilijichukia pale pale, kisha nikarudi kubishania bei ya suti kama mtu aliyerukwa na akili.

Mtoto alikufa kabla gari halijapatikana. Siku hiyohiyo nikaondolewa kwenye kundi bila neno. Shedrack akawa akisalimia haitikiwi, na mkewe akifika kisimani wenzake wanajitwika ndoo na kuondoka.

Mama aliishi siku kumi na moja zaidi. Niliposikia amefariki, nilikaa juu ya robota la nguo kando ya barabara nikalia kwa sauti, wapagazi wakinipita na mikokoteni yao. Nikampigia Shedrack.

“Watu wamekuja?” Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Mfiwa hashiki jembe.

“Wamekuja, dada. Kaya tatu.”

Nikashusha pumzi. “Mungu awabariki. Wameanza kuchimba?”

“Hawakuja kuzika. Wana wagonjwa wao. Wako uani wanagombania mashine, na mama hata hajaoshwa.”

“Sasa kaburi anachimba nani?”

“Nachimba mwenyewe,” alisema, akihema. “Wanasema mashine ni yako, uamue wewe. Sema basi, dada. Nimpe nani?”