Fanta Tatu za Asiya

Concilie alipostaafu ukarani wa mahakama, hakustaafu kalamu. Wakazi wa mtaa wake wa Gihosha walimchagua awe mmoja wa wasuluhishi watano, na tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alikaa nyuma ya meza ndogo uani kwa mwenyekiti wa mtaa, akiandika daftarini kila lililosemwa na kuyaacha yaliyodhaniwa tu. Kazi haikuwa na mshahara. Aliipenda kuliko ile ya kwanza.

Jumamosi hiyo shauri lilikuwa moja. Asiya, mshonaji kutoka Buyenzi, alikuwa amekodi chumba cha mbele cha mzee Népomuscène. Alisema walipatana miaka mitatu. Alitia vigae, akajenga meza ya kukatia vitambaa, akapata wateja. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita, na sasa mzee alikitaka chumba ili binti yake Orlane afungue saluni. Karatasi haikuwepo. Akishindwa, Asiya angerudi kushonea barazani kwa shemeji yake, ambako mvua ikinyesha cherehani huhamia jikoni.

"Miaka mitatu? Apana," alisema Népomuscène. "Mi nilimupa kwa mwezi, kama mutu yeyote. Mwenye kusema kingine alete kontra yenye sahihi."

"Tulipatana kwa mudomo, muzee, mule chumbani, mbele ya mashahidi," Asiya akajibu. "Na kinywaji chenu nililipa mi mwenyewe, pale kwa Chanelle muuza vinywaji."

"Siku hiyo kwa Chanelle mi sikufika hata dakika moja."

Concilie akainua macho. Mapatano ya mdomo yana uzito wake, mradi yathibitishwe. Na hapa mtaani, watu wakipatana jambo kubwa, mwenye kupewa hununua kinywaji, mwenye kutoa hukinywa pamoja na mashahidi, na aliyekunywa hawezi tena kusema hakuwepo.

"Kinywaji gani?" aliuliza.

"Fanta tatu, mama. Ya muzee, ya Darius, na ya Bonfils aliyehamia Kigoma."

Darius, wakala wa mizigo bandarini, akaitwa. Aliapa, akajibu bila kusita. "Walisema miaka mitatu, nilisikia kwa masikio haya. Lakini mi nilikunywa bia. Kubwa. Fanta sijagusa tangu komunyo yangu ya kwanza."

Népomuscène akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Munaona? Mumoja Fanta, mwingine bia. Hata uongo hawakupatana."

Wasuluhishi wengine wanne wakatazamana. Concilie aliujua mtazamo ule: maneno yanayogongana huangusha shauri. Yeye binafsi alimwamini Asiya, lakini imani haikuwa na safu katika daftari lake. Lilibaki swali dogo.

"Asiya, chupa zenyewe uliziona?"

"Nizione wapi, mama? Ile ni kabare, nyumba ya pombe, na mi ni muke wa muadhini! Nilisimama mulangoni, nikalipa Fanta tatu, nikaenda zangu."

Concilie akaandika. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, akasoma kwa sauti: "Asiya anadai kwamba mzee Népomuscène, baada ya kukodisha chumba chake kwa miaka mitatu, alinyweshwa Fanta moja."

Ua mzima ukacheka.

"Muzee, ya machungwa ao ya nanasi?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Walikupa na mrija?" mwingine akadakia.

Népomuscène akasimama, uso umemwiva. "Fanta! Mi, mutu muzima, nitoe nyumba yangu miaka mitatu kwa Fanta? Nilimwambia Chanelle arudishe zote, atuletee bia, na nikaongeza feza yangu mwenyewe! Mumuulize!"

Kicheko kikakatika. Ikasikika kalamu ya Concilie peke yake, ikienda bila haraka hadi mwisho wa mstari.

"Nimeandika, muzee. Nikusomee?"

Mzee akatazama viatu vyake, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. "Wacha. Nilikuwepo, nilikunywa. Mama Concilie, we ni mutu mubaya."

Mkataba uliandikwa papo hapo: miaka mitatu, mmoja ukiwa umekwisha. Asiya akaahidi kwamba kila bibi harusi atakayemshonea atamwelekeza kwa Orlane kusukwa, na mzee akaona chumba cha nyuma kinatosha saluni. Wote wakatia sahihi.

Watu walipotawanyika, Asiya alibaki mbele ya meza, anakunjakunja ncha ya mtandio.

"Mama, kwa hiyo feza yangu ilinunua pombe?"

Concilie akarudi ukurasa mmoja nyuma, akahakikisha.

"Wewe ulilipia Fanta, ukaondoka. Kilichobadilishwa baadaye kilibadilishwa na Népomuscène, kwa kauli yake mwenyewe."

"Unaweza kuniandikia hiyo? Ya kumuonyesha bwana yangu?"

Concilie akachana karatasi safi, akaandika sentensi mbili, akatia tarehe, akagonga muhuri.