Bao la Wakati wa King'ora

Mpira ulivuka mstari polepole, ukibiringika kama kitu kilichochoka, ukasimama wenyewe ndani ya wavu. Hakuna aliyeshangilia. King'ora cha mgodi kilikuwa kinalia nje ya saa zake, na Kolwezi nzima ilijua maana yake: chini ya ardhi kuna watu wamekwama.

Feruzi, kipa wa timu ya wachukuzi, alikuwa ameshaliacha goli. Mdogo wake Abibu alikuwa kwenye zamu mgodini siku ile. Ngoy, mshambuliaji wa timu ya reli, alikuwa ameupiga mpira ule kufumba na kufumbua kabla ya king'ora kuanza. Sasa alisimama mikono kichwani, macho yakielekea kwenye minara ya mgodi. Mwamuzi Muamba naye aligeukia huko. Filimbi ilining'inia kifuani pake, haijaguswa.

Fainali ya kombe ikaishia hapo. Watu wa timu zote mbili walimiminikia geti la mgodi, wakangoja pamoja mpaka jua likazama. Lifti ya mgodini iliponasuliwa, Abibu alitoka amejaa vumbi, bega limeteguka, lakini hai. Feruzi, bado amevaa glavu zake, alimkumbatia, akamgombeza kwa kumtia hofu, kisha akalia.

Jumatano kamati ya kombe ilikutana. Viongozi wa reli walidai bao lao, wala hawakuwa watu wabaya; walishika sheria tu. Mchezo husimamishwa na filimbi ya mwamuzi, si na king'ora.

Muamba aliijua sheria hiyo kama baba anavyojua majina ya wanawe. Aliwahi kumtoa uwanjani shemeji yake mwenyewe, na wakwe wakamnunia mpaka Pasaka. Lakini waliotunga kitabu kile cha sheria, aliwaza, hawakuwahi kuishi mahali ambapo ardhi ikiguna kila mama huhesabu watoto wake. Angesema alimhurumia Feruzi, rufaa ingepelekwa Lubumbashi, na reli wangeshinda.

"Nilipiga filimbi," alisema. "Kabla mpira haujavuka mstari. King'ora kiliimeza sauti yake."

Wote waliokuwamo walikuwapo uwanjani. Mwenyekiti, aliyependa kuitwa citoyen, yaani raia, kama desturi mpya ya Zaïre ilivyotaka, alimgeukia Ngoy aliyekaa karibu na mlango. Bao lile ndilo lingempa kombe lake la kwanza maishani.

Ngoy aliitazama mikono yake.

"Mi niliisikia, tata," alisema, kama mtu anayemwita baba yake. "Njo maana sikushangilia."

Ikaamuliwa fainali irudiwe. Hakuna aliyepinga; kiongozi mmoja wa reli aliinama kufunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba.

Muamba alirudi nyumbani kwa miguu, akihisi uzito wa uongo wake wa kwanza wa uwanjani, na chini ya uzito huo, wepesi ambao hakujua auite nini. Mkewe Tshibola, aliyekuwa ameketi nyuma ya goli siku ile na kuona kila kitu, hakumwuliza neno. Alimtengea bukari, ugali wa kwao, akamchagulia kipande cha samaki chenye minofu, kile ambacho kwa kawaida humwekea mgeni, kisha akaketi mbele yake akimtazama anavyokula.